Barua ya Tano Kuhusu Nguzo Nambari 417

Kwa Mkuu wa Taa za Barabarani,
Manispaa ya Recife, ghorofa ya tatu,
dirisha lile lenye feni iliyokufa.

Ni mimi tena. Marluce wa tapioka,
kona ya Mtaa wa São Telmo, mkabala na duka la viatu.
Barua nne za kwanza mlizijibu kwa muhuri:
Ombi lako limepokelewa.
Nashukuru. Lakini waya haujui kusoma.

Nguzo haina mlango.
Kile kifuniko cha chuma, usawa wa goti,
kiliondoka usiku wa kanivali, kikauzwa kwa kilo.
Aliyekiuza namjua. Ana watoto watatu. Simtaji.
Tunduni zimebaki nyaya mbili zimetoa ndimi:
moja nyekundu, moja iliyokuwa nyeusi
kabla jua halijaibambua ganda.
Ya tatu, ya kwenda ardhini,
Ivanildo fundi anasema haikufungwa kamwe.
Ilichorwa kwenye karatasi,
ikalipiwa,
ikabaki kwenye karatasi.

Juu, taa inawaka. Hilo siwezi kuwasingizia.
Inawaka hata mchana.

Alianza mbwa.
Pipoca, wa Seu Adauto muuza viatu,
tarehe sita Juni, mvua imetoka kukatika,
dimbwi limefika kwenye shina la nguzo.
Aliinua mguu kama alivyouinua miaka tisa.
Hakubweka. Alidondoka kama mfuko ulioponyoka mkononi.
Seu Adauto akataka kumkimbilia;
nikamdaka mkanda wa suruali, nikamvuta,
tukaanguka sote wawili juu ya unga wangu.
Mpaka leo amenuna. Anasema ningemwacha amuage.
Ningemwacha,
hii ingekuwa barua ya aina nyingine.

Sasa watoto. Mvua ikiisha wanacheza mpira
majini, miguu mitupu, mlingoti mmoja wa goli ni 417.
Mtoto hajui volti. Anajua maji ni maji.
Nawafukuza kwa fagio, wananiita mchawi wa dimbwi.
Josué, wa mwisho kwa dada yangu, ndiye golikipa.
Golikipa huegemea mlingoti.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo isemwavyo.
Usipoziba huu utachimba:
mita moja na robo, urefu wa Josué.

Basi nimeziba.
Kifuniko cha beseni, plastiki, buluu,
na mipira miwili ya baiskeli.
Nilifanya siku kavu, nimevaa malapa
na glavu za kuoshea vyombo,
mkono mmoja mgongoni, kama asimamavyo Ivanildo,
ili umeme ukiniingia usipitie kifuani.
Nilitetemeka hadi jioni. Tapioka zote zilitoka mapande.

Ndipo mkaja. Alhamisi.
Kijana, jina Jadiel limeshonwa kifuani.
Hakuleta mlango. Alileta faini:
kuharibu mali ya umma, siku kumi na tano kuondoa.
Nikamwambia, ondoa wewe.
Na mbingu, ambazo hazijawahi kunisaidia kwa lolote,
zikafunguka.

Maji yalipofika kwenye fundo za miguu
akaitazama nguzo, akalitazama beseni,
akakitazama kiatu chake cha kushoto, kilichoachama.
Akarudi nyuma hatua moja.
Kisha mbili.
Kisha akajikuta amesimama juu ya kiti changu,
faini mdomoni, kama paka na panya wake.
Hapo juu akaandika ripoti.
Nakala naiambatisha: Nimefika. Nguzo sikuiona.

Msimkate mshahara. Ana mama, alinieleza,
tukila mahindi tukisubiri maji yapungue.

Faini nitalipa, kwa sarafu, mtahesabu wenyewe.
Mlango ni sentimita kumi na mbili kwa thelathini.
Waya wa ardhini, urefu mtapima.
Skrubu msilete.
Skrubu nimeshanunua.